Samaki Wawili Sebuleni kwa Mama

Mimi si mtu wa kukaa. Hata chakula nakula nimesimama, sahani mkononi, na mama amenikemea kwa hilo tangu nikiwa darasa la kwanza. Kwa hiyo nilipojikuta nimerudi nyumbani Wamagana nikiwa na miaka arobaini na moja, ninalala kwenye kitanda kile kile cha chuma nilichokiacha nikiwa msichana, niliamka kila asubuhi nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Hoteli niliyofanyia kazi pwani miaka kumi na minne ilikuwa imefunga nusu ya vyumba vyake na kutupatia barua za kwaheri. Mwezi huo huo mama akateleza zizini na kuvunjika nyonga. Ndugu zangu wawili wana watoto na kazi. Mimi sina mume wala mtoto, na kazi nilikuwa sina tena. Hakuna aliyeniambia waziwazi kwamba zamu ilikuwa yangu, lakini pia hakuna aliyejitolea kuichukua.

Nilisema nitakaa miezi mitatu. Kufikia wakati mama alipoanza kutembea kwa mkongojo, sita ilikuwa imepita. Nilikuwa nimepaka rangi milango yote, nimehamisha banda la kuku mara mbili, nimegombana na mwenye shamba la pili kuhusu mpaka wa ua. Nilikuwa natembea hadi barabarani bila shughuli, natazama magari yanayoelekea mjini Nyeri, kisha narudi. Mama alinitazama kutoka kibarazani akipukuchua maharagwe. Nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo kwa desturi yetu huniita "maitu", yaani mama yangu, na ni vigumu kumjibu kwa ukali mtu anayekuita hivyo, ingawa nimeweza mara nyingi.

Nilichokikosa zaidi pwani hakikuwa bahari yenyewe. Ilikuwa tangi la kioo lililokuwa nyuma ya kiti changu pale mapokezi, lenye matumbawe na samaki. Mzee aliyelitunza alinifundisha kidogo kidogo, siku ambazo wageni walikuwa wachache: kupima chumvi, kusugua kioo, kutambua tumbawe lililoshiba na lililonuna. Ni mahali pekee duniani nilipoweza kusimama bila kutikisa mguu. Basi siku moja nikaona kwenye simu kwamba bwana mmoja wa Nairobi anahama nchi na anagawa vitu vya tangi lake kwa bei ya kutupa: mawe, taa, pampu, hita, vipande vya matumbawe na samaki wawili. Tangi lenyewe alikuwa ameshaliuza. Nilimpigia kabla sijafikiri. Kufikiri kulikuja baadaye, nikiwa tayari nimemwahidi.

Aliniwekea matumbawe na samaki kwa miezi miwili, vile vingine nikavibeba. Nikaenda Majengo, mjini Nyeri, kwa fundi wa vioo anayetengeneza kabati za kuonyeshea vyakula vibandani.

"Madam, hii ni ya mandazi ama ya samosa?" akauliza, akiangalia mchoro wangu.

"Ni ya bahari," nikamwambia.

Alicheka hadi akaweka chini futi yake. Lakini alikuwa fundi wa kweli, maana alipomaliza kucheka alisema, "Mandazi haisukumi kioo. Maji inasukuma. Hii ya kawaida itapasuka." Akanitafutia kioo kinene cha kaunta ya duka la dawa lililofungwa, akakikata, akakiunganisha kwa silikoni tupu isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, jambo nililomkumbusha mara nne hadi akaniambia niende nikanywe chai. Tulilijaza tangi maji na kuliacha chini ya paa la nyumba juma zima. Kuku walikuja kulikagua. Halikuvuja.

Vingine vilitoka hapo hapo nyumbani. Meza ilikuwa mawe ya kuchonga yaliyobaki tulipojenga zizi, na juu yake ubao mnene. Maji yalikuwa ya mvua, yaliyotoka kwenye mabati baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, kwa sababu maji ya bomba yana dawa. Baridi ya Wamagana unaijua ukiwa umeamka nayo mwezi wa saba, ukungu umefika mlangoni, kwa hiyo nilikata godoro kuukuu nikalivisha tangi pande tatu ili hita isifanye kazi peke yake. Chumvi pekee ndiyo sikuweza kuitengeneza. Chumvi ya matumbawe si ya jikoni. Inauzwa Nairobi kwa ndoo, na kila ndoo niliibeba kama mtoto mchanga.

Kisha ukaja mtihani wenyewe, kwa sababu ukishachanganya maji na chumvi huweki samaki siku hiyo. Unasubiri wiki nyingi maji yakomae, ukitazama mawe. Tangi la matumbawe halitaki haraka, na mimi sina kingine cha kulipatia ila hiyo haraka. Nilikuwa nalizunguka asubuhi na jioni. Mama alikuwa anawaambia wageni wake wa kanisani, "Huyu anafuga maji na mawe," nao wanatikisa vichwa kwa huruma.

Matumbawe na samaki walipofika, aliacha mzaha huo. Samaki walikuwa wawili, rangi ya chungwa na mistari myeupe, dume na jike wasioachana hata kidogo. Matumbawe yalikuwa vipande tu, vingine laini kama uyoga, kimoja kigumu chenye matawi ya zambarau, na pamoja nayo walikuja konokono sita wa kusafisha kioo. Taa ilipowaka, sebule yote ikawa ya buluu, vitambaa vya mama vya kufuma na kalenda za kanisa pamoja. Mama akavuta kiti. Tangu siku hiyo alikunywa chai yake hapo. Sisi nyumbani tunaongea Kikuyu, lakini samaki aliwasemesha Kiswahili, kwa kuwa ati wametoka pwani, na mazoea hayo yakatushika hata sisi: jambo lolote la tangi tukalizungumza kwa Kiswahili.

"Hii kubwa iko na njaa," alikuwa akisema.

"Imekula saa hii, Mama."

"Ng'ombe pia hula na bado iko na njaa. Angalia macho yake."

Mama amefuga ng'ombe miaka hamsini na hajawahi kumpoteza ndama kwa uzembe. Mara ya kwanza stima ilipopotea, tukakosa umeme mchana kutwa, mimi nilikuwa nakimbia huku na huko nikipiga simu isiyopokelewa. Yeye akachemsha maji, akajaza chupa tatu za soda, akazifunga sana na kuziacha zielee tangini, jinsi anavyowapa joto vifaranga. Maji yakabaki na uvuguvugu mpaka stima iliporudi. Nilimwambia, na niliimaanisha, kwamba yeye anajua kutunza kiumbe kuliko mimi.

Yapata mwezi mmoja baada ya hapo aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Maitu, utaenda lini?"

Ningeweza kumwambia kweli, kwamba kila siku nataka kwenda na kila siku naona haya. Badala yake nikafanya mzaha. "Niende wapi na hawa samaki? Nitakaa mradi hawa wako hai."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepatana bei sokoni. Mimi nikasahau kabla ya jioni.

Kisha hoteli ikanipigia. Vyumba vinafunguliwa, wanataka watu wa mapokezi wanaojua kazi, nije nihojiwe. Nikakubali papo hapo. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama. Nikamwambia chumvi ya samaki imeisha na lazima niende Nairobi nikanunue nyingine, na kwamba nitalala kwa rafiki siku nne kwa sababu ndoo hazijafika dukani. Uongo ukiwa na maelezo mengi hivyo mtu mzima angeutambua, lakini mama aliniuliza jambo moja tu.

"Na maji ikipungua?"

Maji ya tangi hupungua kila siku kwa sababu yanakauka kwenda hewani. Chumvi haikauki, hubaki. Ndiyo maana unaongeza maji matupu ya mvua na si kingine. Hayo maelezo yote yangechukua dakika mbili. Nilikuwa natafuta kiatu kimoja chini ya kitanda.

"Ongeza maji ya mvua tu, Mama," nikasema. "Mpaka kwa ile alama."

"Bila chumvi?"

"Mama, wewe ongeza maji!"

Nikaondoka na mkoba wangu, na ndani ya mkoba bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu.

Mahojiano yalikwenda vizuri mno. Nilipata barua mkononi siku ile ile: niripoti mwisho wa mwezi. Nilirudi kupitia Nairobi nikanunua ndoo ya chumvi ili uongo wangu uwe na mwili, nikafika nyumbani alasiri nikiwa nimejipanga. Ningemwambia baada ya chai. Ningesema ni kwa muda. Nilikuwa nimetunga hata sauti ya kuitumia.

Nilipofungua mlango wa sebule nikasikia harufu, ile ya ufuo wakati maji yamekupwa na jua limechoma vilivyobaki. Mama alikuwa kwenye kiti chake, amevaa kitambaa kizuri cha kichwani, akitabasamu.

"Karibu. Njoo uone. Wako wote wawili. Nilikuwa nawahesabu asubuhi na jioni."

Samaki walikuwepo, kweli. Lakini yale matumbawe laini kama uyoga yote yalikuwa yameyeyuka na kuwa makamasi. Konokono walikuwa chini, miguu yao nje ya magamba. Na lile tumbawe la zambarau, lililokuwa limeongezeka upana wa ukucha kwa miezi yote hiyo nikilipima kwa macho, lilikuwa jeupe kabisa, mfupa mtupu.

"Hata mawe imetakata," mama akasema kwa fahari. "Umeona vile imekuwa safi?"

Nilipiga kelele. Sitajitetea. Nilimpigia kelele mwanamke wa miaka sabini na mitatu mwenye mkongojo, nikamuuliza ameweka nini, nani alimwambia aweke, kwa nini hasikii akiambiwa jambo moja tu. Nilimwambia ameua kila kitu. Nilimwambia, na hili ndilo ninaloliona nikifumba macho, kwamba si kila kitu duniani ni ng'ombe. Tabasamu lake lilikaa usoni kwa muda, halikujua pa kwenda. Kisha akainuka polepole, akachukua mkongojo wake, akatoka nje.

Nilikuta mfuko nyuma ya mlango wa stoo. Ilikuwa chumvi ya ng'ombe, ile ya unga wa kahawia inayouzwa kwa agroveti, duka la dawa za mifugo, na ndani yake kikombe cha chai cha kupimia. Kila boma la ufugaji huku kwetu lina mfuko kama huo. Ng'ombe akikosa maziwa, chumvi. Ndama akilamba ukuta, chumvi. Nikageuza mfuko nikasoma orodha ya madini nyuma, na nikaliona neno shaba. Shaba kidogo humpa ng'ombe damu. Samaki huistahimili kwa muda. Tumbawe na konokono haiwaachi, na ikishaingia kwenye mawe haitoki tena.

Nilikaa sakafuni na mfuko mapajani. Ndipo nikaona jinsi ilivyokwenda. Mimi ndiye niliyemwambia chumvi imeisha. Sikuwa na jambo lingine la kusingizia safari, nikachagua hilo. Halafu nikamwambia aongeze maji matupu juu ya maji ambayo, kwa maneno yangu mwenyewe, yalikuwa hayana chumvi ya kutosha. Mtu yeyote aliyewahi kulea kiumbe angefanya alichofanya. Niliona aibu, nikatoka kumtafuta.

Nilimkuta zizini akimkuna shingo ng'ombe wake mkubwa, aliyetoka Endarasha. Hakugeuka.

"Ulisema chumvi imeisha," akasema. "Nikasema, siku nne ni mingi. Watakufa kabla urudi."

"Samahani, Mama."

"Niliweka kikombe asubuhi na kikombe jioni. Sikuweka mingi."

"Si makosa yako. Mimi ndio sikukuambia vizuri."

Akaendelea kumkuna ng'ombe. "Ulisema utakaa mradi wako hai." Akanigeukia sasa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Na wako hai. Wote wawili. Hiyo ingine sikujua ni kitu iko na maisha, nilijua ni mawe."

Barua ilikuwa mfukoni mwa koti langu, na niliisikia kila nilipopumua.

"Umepata kazi?" akauliza.

"Nani amekuambia?"

"Haiya! Mtu akienda kununua chumvi anabeba vyeti?"

Alijua. Alijua tangu nilipokuwa nimeinama chini ya kitanda nikitafuta kiatu. Alijua nimekwenda kutafuta njia ya kumwacha, na bado siku nne alipanda na kushuka na mkongojo wake kwenda stoo, kikombe asubuhi na kikombe jioni, akishikilia upande wake wa patano ambalo mimi nilikuwa nimelifanya kwa mzaha. Nililia pale pale mbele ya ng'ombe. Mama hapendi machozi. Alinipa ndoo nishike.

Ilituchukua siku kadhaa kuvunja kila kitu. Mawe nililazimika kuyatupa nyuma ya shamba, mchanga nao, kwa sababu ya ile shaba. Samaki waliishi kwenye beseni lenye hita huku nikiosha tangi na kuosha tena. Nilitaka kuanza upya, nitafute vipande vingine, na nilikuwa nimeshaanza kupekua simu wakati mama aliponizuia.

"Usilete hiyo mawe ya maua tena," akasema. "Hiyo ni yako, inataka mtu kama wewe wa kuzunguka-zunguka. Nipatie kitu naweza. Hawa wawili naweza."

Tukawawekea chungu cha udongo cha kupandia maua, kimelala ubavu, wakakihamia siku hiyo hiyo. Nikamfundisha kipimo cha chumvi, kijisanduku cha plastiki chenye mshale. Mshale ukiwa kwenye kijani, hakuna kuongeza kitu ila maji ya mvua. Nilimweleza safari hii kwa nini, nikiwa nimeketi, mpaka akanirudishia maelezo yote kwa maneno yake: ni kama mchuzi ukichemka sana, maji inaenda, chumvi inabaki. Alikuwa ameelewa kwa sentensi moja.

Siku moja kabla sijaondoka alikuwa akinywa chai mbele ya tangi. Mama mmoja jirani alikuwa amekubali kuja kukamua, na ndugu zangu walikuwa wameahidi zamu za Jumapili, safari hii kwa maneno ya wazi.

"Ile maneno yako tubadilishe," mama akasema. "Ulisema utakaa mradi wako hai. Sasa sema utakuwa ukirudi mradi wako hai."

"Nitakuwa nikirudi, Mama."

"Sema yote."

"Nitakuwa nikirudi mradi wako hai."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja.

Sasa nitasema jambo ambalo nilidhani sitalisema. Pwani sikutulia. Nilikuwa nimerudi kwenye kiti changu, tangi la hoteli nyuma yangu, na bado mguu ulitikisika chini ya meza. Miaka yote nilidhani mahali ndipo paliponikosesha raha, kumbe hali hiyo niliibeba mwenyewe. Jambo lililonituliza lilikuwa simu ya Jumapili baada ya kanisa. Mama hakusalimu. Alianza na hesabu. "Wako wawili. Mshale iko kwa kijani." Kisha ndipo tukaulizana hali. Miezi tisa, hakukosa Jumapili hata moja.

Nilipata likizo mwezi wa nane. Nilifika nyumbani adhuhuri, kuna ukungu kama kawaida, na mama akanifungulia mlango mwenyewe, amekonda kidogo kuliko nilivyomwacha. Sebuleni taa ya buluu ilikuwa inawaka. Godoro lilikuwa mahali pake na juu yake ameongeza blanketi lake la harusi. Kioo kilikuwa kisafi kuliko nilivyowahi kukisafisha mimi. Mshale ulikuwa kwenye kijani. Nikainama kutazama.

Samaki mmoja alikuwa anazunguka juu ya chungu, yule mkubwa. Nilitazama nyuma ya pampu na pembeni ya hita. Nilitazama ndani ya chungu, kilichokuwa kimelala ubavu, mdomo wake ukinielekea, na ndani hamkuwa na kitu. Sikuweza kujua yule mdogo alikuwa ametoweka tangu lini. Chakula cha samaki kilikuwa juu ya kabati, na kando yake kulikuwa na kijiko kimoja kidogo sana, kipya.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akishika mkongojo wake kwa mikono miwili.

"Huyo mwingine anapenda kujificha," akasema. "Ati nyuma ya chungu. Siku hizi hapendi watu."

Nikatazama nyuma ya chungu, katika yale maji safi ambayo ungeweza kuona ndani yake upande hadi upande.

"Nimemwona," nikamwambia. Nikavuta kiti, nikaketi, akaniletea chakula.